Kofia Isiyonuka Sigara

Wanaume wa Amu wakitaka kusadikiwa na Mungu huapa kwa Mungu, na wakitaka kusadikiwa na watu huapa kwa wake zao. Hii ya pili ndiyo mbaya, maana Mungu husamehe. Bwanamkuu aliapa hiyo ya pili, mchana kweupe, kwenye baraza ya nyumba, mbele ya watu saba, na mkewe Hadia yuko nyuma ya mlango akikuna nazi.

Lakini tumtaje kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu mjini walimjua kwa mikono yake kabla ya kumjua kwa ulimi wake. Alizaliwa Siyu, kisiwani Pate. Alipotimia miaka kumi na minane alipanda boti Mtangawanda na kopo la peremende lenye sindano tatu ndani, akaja Amu kwa mjomba wake kujifunza kushona kofia za vito. Asiyeijua kazi hii huona kofia nyeupe tu. Hajui kwamba kila kitundu kimetobolewa peke yake, kikazungushiwa uzi mpaka kikakaza, na kwamba vitundu hivyo, ndivyo viitwavyo vito, ni mamia, mstari juu ya mstari, na kofia moja hula miezi mitatu. Ya bwana harusi hula minne. Kofia ya Bwanamkuu ilijulikana msikitini hata kwa mtu aliyeketi safu ya nyuma. Watu walisema vito vyake vimepangwa na mtu asiye na haraka ya kufa.

Na alivuta sigara. Alianza kuvuta na kushona mwaka mmoja, vitu hivyo viwili vikashikana asijue kimoja kinaishia wapi. Mstari mmoja wa vito, sigara moja. Akimaliza mstari aliifunika kofia kwa leso, akawasha, akavuta huku akitazama punda na watu wakipita, kisha akanawa mikono na kurudi kwenye sindano. Hivyo kwa miaka thelathini na minane. Tambuu hakuweza, maana mate yake mekundu na kitambaa cheupe havikai nyumba moja.

Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Katika ndoa yake na Hadia alikuwa ametoa talaka mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mchuzi wa papa uliozidi chumvi, ya pili kwa sababu Hadia alikwenda harusini Shela akalala huko. Mara zote mbili alitamka asubuhi na kabla ya isha yuko mlangoni analia kama mtoto aliyenyang'anywa kitumbua, akamrejea. Hadia aliwahi kuwaambia dada zake jambo ambalo Bwanamkuu hakuligundua mwenyewe: siku zote mbili hizo mumewe aliamka hana sigara mfukoni. Kwa hiyo talaka ilibaki moja, na mtu mwenye talaka moja hukaa na mkewe kwa adabu. Mwanamke akishaachwa tatu harudi, mpaka aolewe na mwingine na aachike huko.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya kiapo. Kijana mmoja wa nyumba kubwa ya Mkomani, Mahdi, alikuwa anaoa, na Bwanamkuu alimshonea kofia kwa miezi minne. Siku mbili kabla ya harusi ami yake Mahdi akaja nayo mkononi, amefuatana na jamaa sita.

"Fundi," alisema, "kazi yako haina kasoro. Lakini kofia yanuka. Bwana harusi hasali na kofia ya moshi, wala haingii ndani kwa mke nayo."

Hadia alikuwa ameshaifua mara tatu na kuifukiza udi. Udi na moshi wa sigara vilipochanganyika ikawa balaa zaidi. Harufu haikuwa ya siku moja. Ilikuwa imeingia kwenye vidole, na kutoka vidoleni ikaingia kwenye uzi. Bwanamkuu aliipokea kofia, na pengine yangeishia hapo. Ila yule ami akaongeza, kwa upole wa mtu anayechoma kidonda, "Hatukulaumu. Mvuta sigara haiwati sigara yake hata akifa."

Ndipo ulimi ukaruka. "Sigara ikigusa mdomo wangu tena, Hadia ni talaka!"

Nyuma ya mlango, mkuno wa nazi ukakatika.

Jioni ile ile alikimbilia kwa Mwalimu Badawi, mzee aliyesomesha nusu ya mtaa, akauliza kama neno lake laweza kurudi. Je, akifunga siku tatu? Akilisha masikini?

"Kafara ni ya mtu aloapa kwa Mungu," Mwalimu alimjibu. "Wewe talaka umeitungika yuu ya sigara. Siku sigara ikigusa mdomo, yaanguka, na hakuna ndia ya kuitungua. Nayua utaumia. Kaa nayo mbali tu."

Kaa nayo mbali! Rahisi kusema kwa mtu ambaye uraibu wake ni kahawa na vitabu. Siku kumi na moja Bwanamkuu hakulala. Sindano ilimchoma mpaka damu ikatia madoa kitambaa. Alimfokea Hadia, akajiziba mdomo kwa kiganja asije akasema lile neno bila hata sigara. Siku ya kumi na mbili akaja Phineas, mtu wa bara anayefanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule Shela, kumnunulia mgeni kofia. Aliiona mikono ya fundi inavyotetemeka. Akatoa mfukoni kidude chembamba, chuma kitupu, akasema, "Mzee, hii inaitwa veipu. Mimi ndiyo ilinitoa kwa sigara. Jaribu."

Bwanamkuu hakujaribu. Alikipeleka kwanza kwa Mwalimu Badawi, amekifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba nge. Mwalimu akakipindua pindua. Kina moto? Hakina, chachemsha maji ya dawa yake. Kina karatasi? Hakina. Watu wakikiona husema ni sigara? Husema ni kidude.

"Basi si ulichokiapia," akahukumu Mwalimu. "Kiapo hufuata kile mwenyewe alichokusudia na kile watu wanachokielewa. Sikipendi, nisikufite. Lakini mkeo ni mkeo."

Akapata miaka mitatu. Tusiipite mbio miaka hii, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mizuri. Kikohozi cha alfajiri kilimwacha. Kofia zilitoka mkononi mwake nyeupe na harufu yake ni ya pamba. Kila alasiri alipoweka sindano chini, Hadia alikuja na chai, akaichukua kofia iliyo kwenye kazi, akaipeleka puani, akavuta pumzi. "Safi," alisema. "Haina kitu." Neno hilo Bwanamkuu alilingojea kutwa nzima, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, kama mwanafunzi anayengoja alama. Usiku Hadia hakulala tena amempa mgongo.

Zahanatini alimkuta muuguzi Kerubo, mwanamke asiyependa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimpulizisha kwenye kipimo, akatazama namba, akamwambia: "Mzee, kisicho na madhara kifuani ni hewa peke yake. Sikuambii hiki ni salama. Nakuambia wanaoletwa hapa wakishindwa kupumua, walivuta sigara. Kati ya hizo mbili kaa na hiki, halafu tukishushe kidogo kidogo." Wakakishusha. Kila baada ya miezi kadhaa Phineas alimletea kutoka Mombasa chupa yenye nguvu ndogo kuliko ile iliyopita. Ilikuwa imebaki ngazi moja tu. Bwanamkuu alishapanga: Maulidi yajayo kidude kitaingia baharini, na yeye atabaki na hewa ya Mungu.

Kisha ikaja habari ya marufuku.

Haikuzuka bure, na mwenye kusimulia asiwe mwongo. Watoto wa shule walikutwa na veipu za ladha ya embe na bazoka ya kutafuna, rangi rangi kama vitu vya kuchezea. Wazazi walikasirika na Bwanamkuu alikasirika nao. Yeye ndiye aliyesema barazani kwamba muuzaji wa namna hiyo achapwe bakora hadharani. Lakini amri iliyokuwa inapikwa haikutenga mtoto na mzee. Ilisema vyote, kwa wote. Wakaitwa wananchi ukumbini watoe maoni. Bwanamkuu akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda.

Alipewa dakika mbili. Mtu wa miezi minne kwa kofia moja, dakika mbili!

"Sikuya kuitetea veipu," alianza. "Watoto wazuieni, na anayewauzia mfungeni, tutawapigia makofi. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Nalivuta thelathini na minane. Hiki kidude kilinitoa. Sasa nawauliza: sigara je, mwaipiga marufuku?"

Mmoja wa wakubwa waliokaa mezani akasema sigara ina sheria yake.

"Ina sheria yake, naam, na iko kila duka, yauzwa moja moja, na kibiriti kimefungwa uzi mlangoni. Basi mwanifungia mlango wa kutokea, na wa kuingilia mwauwata wazi. Hiyo ndiyo afya?"

"Mzee," alisema mwenyekiti, "kitaalamu hakuna tofauti. Hiyo unayoiita kidude, kwetu sisi ni sigara. Ahsante, muda wako umekwisha."

Kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti: "Ikiwa ni sigara, basi Bi. Hadia ni talaka miaka mitatu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka waandishi wao wakacheka, wasijue wanacheka nini. Kiapo cha barazani kilijulikana mji mzima, na Amu mtu haachiwi aibu yake mpaka ipatikane ya mwingine. Bwanamkuu alipopita karibu na meza aliiona karatasi ya binti aliyekuwa anaandika maoni. Penye jina lake palikuwa na maneno matatu: *Mzee. Apinga. Mraibu.* Wacha niseme wazi: mwenye kumwandika mtu hivyo hakumsikiliza, na kikao cha namna hiyo ni bora kisiitishwe, watu wabaki na kazi zao.

Dhihaka ilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta Hadia amekaa ukumbi wa ndani, amejitanda leso mpaka kidevuni. Usiku ule kila mtu alilala chumba chake. Asubuhi Hadia akavaa buibui akaenda mwenyewe kwa Mwalimu Badawi, akauliza kwa kinywa chake kama amekaa haramuni miaka mitatu.

"Wenye serikali na waite watakavyo," Mwalimu alimwambia. "Ukumbi wao hauozeshi wala hauatishi. Mumeo aliapia sigara, na sigara hakuivuta. Rudi kwako."

Akarudi. Ila tangu siku hiyo aliinusa kofia mara mbili, na baada ya mara ya pili alimtazama mumewe mato kwa mato kabla ya kusema "safi."

Marufuku ikapitishwa. Vijana waliokuwa wakiuza veipu za watoto waliuza kwa siri, maana kijana hakosi njia. Aliyekosa njia ni mzee. Chupa ya mwisho Bwanamkuu aliivuta kwa kujinyima, mara tatu kwa siku, kisha mara moja, kisha akawa anakinusa kidude kitupu. Kerubo alijitahidi. Aliandika kuomba zile dawa za kutafuna wanazopewa wenye kuacha sigara, akajibiwa hazipo, akaandika tena. "Vumilia, mzee," alimwambia, na uso wake ulionyesha kwamba anaona haya kulitamka neno hilo.

Na wakati huo huo, mapajani mwake ilikuwepo kofia. Ile nyumba kubwa ya Mkomani ilikuwa imerudi, safari hii kwa mdogo wake Mahdi, Musab. Ami yule yule alikuja, akasema, "Fundi, tumesikia kofia zako siku hizi hazinuki." Hakuomba radhi, lakini kurudi kwake kulikuwa radhi tosha. Bwanamkuu aliichukua kazi ile kama mtu aliyerudishiwa jina lake. Ilikuwa imebaki mistari minne.

Siku kumi na tisa alikaa bila chochote. Alifumua mstari mmoja mara tano. Vito vilikwenda upande. Hadia alimwekea karafuu mkononi, akamsomea, akamvumilia matusi yasiyofika kwenye talaka. Siku ya ishirini, saa tatu asubuhi, akamwambia mkewe anakwenda Shela kumuuliza Phineas mara ya mwisho. Kofia aliiacha juu ya mto, imefunikwa leso.

Alikwenda kwa miguu, kando ya maji. Phineas alikuwa anafagia mchanga mlangoni mwa nyumba ya wageni.

"Imekatika, mzee," alisema kabla hajaulizwa. "Maboti yanapekuliwa. Kuna jamaa ameshikwa na chupa mbili, kesi iko kortini. Mimi mwenyewe nimerudi kwa hizi." Akamwonyesha pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati. Kisha akaona mikono ya mzee, kama alivyoiona mara ya kwanza, na moyo ukamwuma kama mara ya kwanza. Akatoa moja. "Shika utulie kidogo. Hii hawakushiki."

Phineas hana lawama. Kwao mke huachwa kwa mawakili na karatasi, na hakuna aliyemweleza kwamba mke wa mtu alikuwa ametundikwa kwenye kile kijiti cheupe. Bwanamkuu ndiye aliyejua. Asije mtu akasema alisahau. Aliishika, akamwona Hadia, akaisikia nazi ikikatika kukunwa, na mkono ukaenda mdomoni vile vile. Miaka mitatu aliushinda mkono ule kwa msaada, na msaada umeondolewa na watu ambao hawajui hata jina lake. Akavuta. Mkono ukaacha kutetemeka, na hilo ndilo lililomtia kiwewe. Ilipofika nusu akaitupa mchangani na kuikanyaga, akaikanyaga tena, Phineas akimtazama asielewe.

Njia ya kurudi aliosha mikono kwa maji ya bahari, akaisugua kwa mchanga, akatafuna karafuu zote zilizokuwa mfukoni. Kisha akasimama. Anaosha nini? Hakuna mtu wa Amu aliyemwona. Kofia hakuigusa. Akinyamaza, alasiri itakuja na chai, na usiku utakuja, na Hadia atalala amemwelekea. Na kila usiku utakuwa zinaa ambayo yeye peke yake anaijua, na atakuwa amemvika Hadia dhambi bila habari yake, mwanamke aliyekwenda kwa miguu yake kumwuliza Mwalimu kwa kuogopa jambo hilo hilo. Bwanamkuu alikuwa mropokaji, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

Alipoingia nyumbani adhana ya alasiri ilikuwa imeshatoka. Nyumba ilikuwa ya Hadia, aliyopewa na babake siku ya harusi, kama ilivyo desturi ya mji. Hadia alikuwa amekwishatenga chai. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele amezitia mafuta, zile chache nyeupe zikionekana. Aliichukua kofia ya Musab juu ya mto, akainusa mara moja, akainusa mara ya pili.

"Safi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao akatabasamu. "Haina kitu. Ndoo unwe chai. Umempata?"

Bwanamkuu alibaki kizingitini. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa alimwita kwa jina lake tupu, Hadia. Bi. Hadia walimwita watu wa nje. Akageuza uso ukutani.

"Jitande, Bi. Hadia," akasema.

Chai ilikuwa inamiminwa. Ikaendelea kumiminwa mpaka kikombe kikafurika kisahani, kisha birika likawekwa chini taratibu. Akamsikia anainuka, akasikia leso inavutwa kutoka kambani.

"Ngapi?" Hadia aliuliza. Sauti ilitoka ndani ya kitambaa, kama anavyosema na muuza samaki.

"Nusu."

"Nusu," akarudia.

Hakupiga kelele. Bwanamkuu angeshukuru kama angepiga. Alilia, lakini kimya, na yeye hakuwa na ruhusa tena ya kugeuka kumtazama. Baada ya muda akasikia kopo la peremende linawekwa karibu na mguu wake, sindano zikigongana ndani, na juu ya kopo kofia ya Musab imefungwa kwenye leso safi. Hadia akasogea ukutani apate kupita, kwa umbali ule anaopewa mwanamume asiyekuwa wako.

Akatoka. Pembeni mwa njia duka lilikuwa wazi, kibiriti kinaning'inia kwenye uzi wake mlangoni. Mwenye duka, aliyekuwepo barazani siku ya kiapo, akamtazama usoni. Bwanamkuu hakuwa na kiapo tena cha kulinda. Akaagiza pakiti nzima, akapewa, wala hakuna sheria iliyomzuia.